Kitanda Kilichozidi

Soksi zake hazikufanana. Moja ilikuwa ya kijani, nyingine ya bluu iliyotoboka mbele, na kidole gumba kilikuwa kimechungulia nje kama kinataka kujua tumefikia wapi. Niliziona soksi kabla sijauona uso. Nilikuwa nimeingia kwenye nyumba mpya ya kaka yangu kuchukua ufagio, nikamkuta mama wa watu amelala chali katikati ya chumba kitupu, viatu kavua, mikono kifuani, anatazama dari.

Nikadhani amekufa.

Ningepiga kelele, lakini ninyi mnaonifuatilia tangu mwanzo mnajua kelele zangu zinaishia kooni. Ndizo zilizoniponza kwa yule fundi cherehani, pale mteja alipobeba gauni lisilo lake nikimwona kwa macho yangu, nami nikashindwa kusema, "Dada, hilo si lako." Gauni likaenda, kazi ikaenda, nami nikarudi kwa kaka na mfuko wangu mmoja. Godoro langu likarudi nyuma ya kochi la sebuleni: jioni natandika, asubuhi nalikunja kabla mgeni hajaliona. Hapo ndipo mliponiacha wiki iliyopita, nimekunjwa pamoja na godoro.

Basi yule maiti akafungua jicho moja.

"Njoo ulale hapa kando yangu," akasema. "Uniambie unaona nini."

Nikalala. Mtu mzima akiniambia nilale, nalala. Nikatazama juu, nikaona kitu, nikafungua mdomo.

"Ohoo, mmeshakutana!" Wifi yangu akaingia na mkoba wake na manukato yake. "Bi mkubwa, huyo usimsumbue, ni wifi yangu, mdogo wake mume wangu. Karibu sana. Tuanzie wapi?"

Nikafunga mdomo.

Yule mama alikuwa mpambaji wa nyumba. Wifi alimwona kwa bosi wake, akaona jinsi alivyokipanga kila chumba kifanane na mwenyewe, akarudi nyumbani hali halali. Kaka alikuwa ameijenga ile nyumba kwa miaka, leo tofali, kesho mapumziko, na sasa imeisha. Wifi akasema hatuingii na vitanda vyetu vya zamani vinavyolia kama punda. Kila mtu apangiwe chumba chake na mtu anayejua.

Na huyo anayejua alikuwa na utaratibu wake. Hakuuliza unapenda rangi gani. Alikulaza chini.

"Watu wanapanga chumba cha kulala wakiwa wamesimama," alituambia tulipokusanyika. "Nani analala amesimama? Farasi. Mimi nataka mtu alale, aniambie anaona nini. Halafu nachora."

Alichora kwa chaki, hapo hapo sakafuni: kitanda hapa, kabati pale, meza ya kioo kule. Alitembea na kopo la chaki kama wengine wanavyotembea na simu. Kidonge, mtoto wa mwisho wa kaka, akambatiza siku ile ile. Bi Chaki. Jina likamkaa kuliko soksi.

Wa kwanza kugoma alikuwa mama yetu.

"Nilale chini mbele za watu, nimekuwa mkeka?"

"Mama, ni dakika moja tu," wifi akambembeleza.

"Dakika moja ya kulala, siku nzima ya kunyanyuka. Miguu hii unaijua?"

Tuliijua. Mama hatoki sana siku hizi, na kwenye nyumba ya zamani dirisha lake lilitazamana na ukuta wa jirani. Ule ukuta ameutazama hadi anaujua kwa nyufa. Mwishowe alilala, mimi nikimshika mkono huu, kaka mkono ule.

"Geti silioni," akasema.

"Unapenda kuliona geti, mama?" Bi Chaki akachuchumaa.

"Nataka nimwone anayeingia kabla yeye hajaniona. Nikishamwona, naamua kama nimelala au niko macho."

Bi Chaki akacheka mpaka chaki ikamvunjikia mkononi. Akachora kitanda cha mama kimegeukia dirisha kubwa, geti lote likabaki mikononi mwa mama.

Kaka alilala na tai yake shingoni.

"Unaona nini?"

Kaka akafumba macho.

"Baba Kidonge, unaulizwa."

Kaka akakoroma.

"Muacheni," Bi Chaki akasema. "Ameshajibu."

"Mimi naona taa inanichoma macho," wifi akasema alipolala kando yake. "Na mume wangu anakoroma. Taa unaweza kuihamisha?"

Binti mkubwa wa kaka, ambaye yuko kwenye ule umri wa kujibu kwa mabega, alitaka ukuta mweusi. Wifi akashika kichwa. Bi Chaki akamuuliza yule binti akilala macho yanaangalia wapi. Dari. "Basi ukuta mweusi tuuweke nyuma ya kichwa chako. Wageni watauogopa, wewe utalala salama." Ndiyo mara ya kwanza mwaka huu nilimwona yule mtoto akicheka na meno.

Kidonge hakulala chali. Alijikunja kwenye kona akasema hataki kitanda, anataka kitanda kiwe paa. Bi Chaki hakushangaa hata kidogo. Akachora kitanda cha kupanda kwa ngazi, na chini yake kijumba chenye pazia.

Na mimi? Mimi nilikuwa rula. Mama alikataa kulala mara ya pili ili apimwe, na Bi Chaki akagundua kwamba mimi na mama tuna kimo kimoja kama tumekatwa kwenye kitambaa kimoja. Basi akanilaza mahali pa mama. Binti mkubwa alipokimbilia simu yake, nikalala mahali pake, Bi Chaki akaongeza kidogo miguuni. Kaka alipoitwa kazini, nikalala mahali pa kaka, akaongeza sana. Nililala kwenye kila chumba cha nyumba ile, kwa niaba ya kila mtu.

"Na huyu analala wapi?" Bi Chaki akauliza, mimi niko chini, anazungusha chaki kwenye visigino vyangu.

"Wifi?" Wifi akainama, akaweka mkono begani kwangu, na alikuwa anasema kwa mapenzi kabisa, msije mkamchukia. "Huyu ni mtu wa nyumbani. Huyu hata ukimlaza juu ya friji hana neno. Tutamnunulia kochi la kukunjua, zuri, liwe pale sebuleni. Si ndiyo, wifi?"

Nikatabasamu. Tabasamu langu limeshakubali mambo mengi ambayo mimi sijayakubali.

Kilibaki chumba kimoja, kidogo, mwisho wa korido. Dirisha lake liko juu, ukubwa wa sinia. Mlango wake una kitasa, na kitasa kina ufunguo unaoning'inia kwa uzi mwekundu.

"Hapa ni viatu vyangu," wifi akasema. "Viatu vyangu vimeteseka sana chini ya kitanda, bi mkubwa. Navyo vinataka kwao."

Bi Chaki akanitazama, akaitazama ile nafasi, akachora rafu ukuta mpaka ukuta.

Sasa njooni kwenye mkosi.

Asubuhi iliyofuata seremala alikuwa aje kupima. Huyo anaitwa Fundi Rula, kwa sababu mahali wenzake wanapochomeka penseli, yeye sikioni amechomeka rula. Kazi yake na Bi Chaki ni hivi: Bi Chaki anachora, anaondoka, Fundi Rula anakuja anapima chaki, anakwenda kutengeneza. Hawapigiani simu, hawaandikiani. Chaki ndiyo inayosema.

"Wifi, wahi ukafungue nyumba," wifi akaniagiza. "Ufagie fagie, asije akaona vumbi akatuona hatujielewi."

Mimi nikipewa nyumba na ndoo, akili inakaa pembeni na mikono inaendelea. Nilifagia. Halafu, kwa kuwa nimefagia, nikapiga deki. Sikuambiwa nipige deki. Lakini tangu nikiwa darasa la tano, nilipoacha shule ili nimuuguze mama, sijawahi kufagia nikaishia hapo. Nikaenda chumba kwa chumba, nyuma nyuma, nikiimba kimoyomoyo, na nilipotoka koridoni kusuuza tambara nikaona maji ya ndoo yamekuwa meupe kama maziwa.

Nikainua tambara, nikalitazama. Nikarudi chumbani kwa mama, nikatazama sakafu. Sakafu ilikuwa inang'aa, haina hatia, na haina kitanda.

Familia yetu yote, na makabati yao, ilikuwa ndani ya ndoo.

Nikakaa juu ya ngazi ya fundi wa rangi. Nilitoa simu, nikaitafuta namba ya Bi Chaki, nikairudisha simu mfukoni. Ningeanzaje? "Shikamoo, nimekufuta"? Simu ikawa nzito kama tofali.

Bi Chaki alikuwa amelisahau kopo la chaki dirishani. Nikalitazama, nalo kama linanitazama.

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimelala mle. Kila chumba nimelala. Nikaenda kwa mama, nikalala chini, nikasogea kidogo kidogo kama mtu anayetafuta ubavu mzuri, mpaka geti lote likaja machoni. Hapa. Nikazungusha chaki. Kwa kaka na wifi, nikasogea mpaka waya wa ile taa iliyomchoma wifi ukanikaa katikati ya macho, nikateremka hadi uliponiacha. Hapa. Kwa binti mkubwa, kichwa kwenye ukuta ambao utakuwa mweusi. Kwa Kidonge nikajikunja konani, nikakadiria ngazi na pazia. Makabati na meza vilijipanga vyenyewe, maana ukishajua kitanda kiko wapi, kabati halina ujanja.

Nikafika kile chumba kidogo. Sikuwa nimekipiga deki chote, rafu za ukuta wa kushoto zilikuwa bado zipo. Zilikuwa zimefutika za mbele na za kulia. Nilitakiwa nipige mistari miwili mitatu nimalize, niende zangu.

Lakini mgongo ulishazoea. Nikalala.

Juu niliona dirisha, na kwenye dirisha kipande cha mbingu cha kutosha mtu mmoja. Nikanyoosha mguu, nikausukuma mlango kwa kidole. Ukajifunga taratibu, kitasa kikasema tik. Nikabaki nimelala. Hakuna aliyeniita. Hakuna aliyeniruka kwenda jikoni. Hakuna aliyesema wifi inuka, wageni hao.

Maishani mwangu sijawahi kuwa mahali ambapo mtu akitaka kuingia ni lazima abishe hodi.

Ningependa kuwaambia mkono uliteleza. Msomaji wangu, haukuteleza. Nilichukua chaki nikaanza kichwani, nikapita begani, nikashuka mpaka miguuni, nikapanda upande wa pili. Nikanyoosha pembe vizuri. Rafu za kushoto nikaziacha pale pale, kwa kuwa sikuwa na roho ya kuvinyima viatu vyote kwao.

"Hodi hodi," nje.

Nilinyanyuka kama nimekalia moto. Fundi Rula akaingia, akapita chumba kwa chumba akipima na kusifia. "Bi Chaki leo kaamka vizuri," akawa anasema. "Mistari imenyooka, siku nyingine anachora kama kuku kapita." Mimi nyuma yake na ndoo. Akafika mwisho wa korido.

"Ahaa, na hapa kuna kitanda. Cha nani?"

Nikaitazama ndoo.

"Mgeni, eh?"

Nikatikisa kichwa ile namna ambayo ukitaka ni ndiyo, usipotaka ni hapana.

"Haya, mimi si mpelelezi," akasema, akachomoa rula. "Mimi napima."

Niliporudi nyumbani, mama aliniita chumbani kwake. Nilidhani anataka maji. Akaniambia nigeuke. Mgongo wangu wote ulikuwa mweupe.

"Umelala chini?"

"Ndiyo, mama."

"Sakafu ilikuwa na baridi?"

"Kidogo."

Akanipangusa kwa kiganja. Alipangusa, akapangusa, na nadhani chaki ilikuwa imekwisha kitambo lakini hakuacha.

Siku ya kuingiziwa vitu, Bi Chaki alitufungia nje ya nyumba yetu wenyewe. Tukakaa kwenye ngazi kama wapangaji tuliofukuzwa, tukisikia nyundo. Vilipokwisha pangwa, akatufungulia, akatembea mbele na soksi zake, siku hiyo ya zambarau na ya njano, akawa anafungua mlango mmoja mmoja.

Kwa mama: kitanda, mto wa kuegemea, dirisha, geti. Mama hakusubiri kukaribishwa. Akapanda, akajiegemeza, akatulia.

"Yule anayepita pale nje, kofia imemzidi kichwa," akasema.

"Mama, ndiyo kwanza umelala."

"Nimeshaanza kazi."

Kidonge akatoweka nyuma ya pazia lake, na kaka alipotaka kuchungulia, sauti ikatoka ndani: "Hodi kwanza." Dada yake akajifungia na ukuta wake mweusi. Kaka akalala kujaribu godoro, na jaribio likafaulu mara moja. Wifi alikuwa anacheka na kupangusa machozi kwa ncha ya kitenge. Akabeba gunia lake la viatu, akaenda mwisho wa korido.

Kicheko kikakatika.

"Baba Kidonge," akaita. "Njoo."

"Nimelala."

"Njoo ulalie huku basi, maana naona ndiko unakohamia."

Kaka akaja na jicho moja limefumba. Ndani ya chumba cha viatu kulikuwa na kitanda. Kidogo, safi, ubao wa kichwani umekwanguliwa mpaka unateleza kama sabuni. Ukutani rafu, za kutosha nusu ya viatu.

"Sasa hiki ni nini?" kaka akasema.

"Unaniuliza mimi? Nani kaomba kulala peke yake?"

"Si wewe unayesema nakoroma?"

"Kukoroma ni neno la kila siku. Kununuliwa kitanda ni habari nyingine."

"Mama Kidonge, mimi nikitaka kukukimbia, nitakimbilia chumba cha viatu vyako?"

Mama akafika na mkongojo wake, kwa hatua ambazo sijaziona siku nyingi. "Msinizunguke. Kama kuna mjukuu njiani, semeni nifurahi."

"Mama, mjukuu gani wa kuzaliwa na kimo hicho?"

Fundi Rula akaitwa. Akaja na vumbi la mbao kwenye nyusi. "Mimi nilipima chaki," akasema. "Palikuwa na chaki ya kitanda."

"Mimi hapa nilichora rafu," Bi Chaki akasema. "Ukuta mpaka ukuta. Ndiyo maana leo sikuingia, nikakuachia mwenyewe."

"Basi labda ni jini."

"Fundi, usiniletee jini kwenye kazi yangu. Tumefanya kazi miaka yote, hujawahi kuniongezea hata stuli. Leo kitanda? Kama ulikuwa na mbao zimekubakia, ungesema. Kifungue, ukipakie, na kazi zangu nyingine usijisumbue nazo."

Fundi Rula akachomoa rula sikioni, akaishika kama mtu aliyevua kofia msibani. Halafu akaniona.

"Huyu dada alikuwepo," akasema. "Muulizeni huyu."

Wote wakageuka. Na wifi, masikini, akapasuka kicheko. "Huyu? Fundi, huyu hata nzi akimtua usoni anamwomba radhi."

"Dada yangu akitaka kuchora kitanda," kaka akaongeza, "ataanza kwanza kuiomba ruhusa chaki."

Wakacheka wote. Mimi nami nikacheka. Mnajua jinsi mtu anavyocheka akiwa anachekwa, anajaribu kuwahi asiachwe nyuma.

Bi Chaki ndiye hakucheka. Alikuwa anakitazama kile kitanda. Akavua viatu, akalala. Miguu ikapita ubao wa chini, soksi ya njano ikabaki inaning'inia hewani.

"Hiki si kitanda cha mgeni," akasema akiwa pale pale. "Cha mgeni unakadiria. Hiki kimepimwa mtu." Akafumba macho, akapapasa kingo kwa viganja. "Na kimo hiki nakijua. Nimekichora nyumba nzima. Mama, hiki ni kimo chako."

Macho yote yakahamia kwa mama.

Mama hakuwatazama wao. Alinitazama mimi. Halafu macho yake yakapita bega langu, kama mtu anayejaribu kuona mgongo wa mtu aliyemkabili, pale pale alipopangusa chaki.

"Ndiyo," akasema. "Ni changu."

"Mama?"

"Nilimwagiza fundi. Nilisahau kuwaambia, uzee."

Fundi Rula akafungua mdomo. Mama akamtupia jicho moja tu, mdomo ukafungwa.

"Lakini mama, kile chumba chako, dirisha, geti?" kaka akasema.

"Geti nimeshaliona. Geti ni lile lile, halibadiliki. Chumba kikubwa kinanichosha, nikiita sauti inachelewa kufika. Hapa patanitosha."

Bi Chaki akainuka kitandani taratibu, akawa anatazama mara mama, mara lile dirisha la juu lenye ukubwa wa sinia. Akavaa viatu vyake. Ilikuwa si nyumba yake.

"Basi kama ni hivyo," wifi akasema, na alijitahidi sana furaha isimtoke usoni, lakini furaha haina adabu, "viatu si viende kule kwa mama? Kule kuna nafasi hata ya mikoba."

"Kama mama ameridhika," kaka akasema.

"Nimeridhika. Nisaidieni kukaa."

Wakamkalisha kwenye kitanda changu. Mama akanyanyua uso kutafuta dirisha. Kutoka pale alipokaa hakuona geti wala mtu mwenye kofia iliyomzidi kichwa, bali kile kipande cha mbingu, cha kutosha mtu mmoja, na mtu mwenyewe hakuwa yeye. Akatabasamu. Nikalitambua lile tabasamu mara moja. Ni langu. Kumbe nililirithi.

Wifi akainua gunia begani, viatu vikagongana ndani kwa shangwe, akaanza safari ya kwenda kwenye dirisha la mama.

Neno likapanda. Nililisikia likipanda tangu tumboni, likapita kifuani, likafika pale wanapokwamia wenzake wote. Yule mteja na gauni alikwamia hapo. Shikamoo ya Bi Chaki ilikwamia hapo. Kidonge, aliyekuwa ametoka nyuma ya pazia kuja kuona vita, akanishika mkono.

"Shangazi, mbona umefungua mdomo?"

Wifi alishafika katikati ya korido.

"Wifi," nikasema. "Weka hivyo viatu chini."

Sikuitambua ile sauti, na nadhani hata wao hawakuitambua, kwa kuwa kaka aligeuka kuangalia nyuma yangu kama kuna mtu mwingine ameingia. Gunia likashuka sakafuni. Fundi Rula akarudisha rula sikioni.

Nikamtazama Bi Chaki, kwa kuwa nilikuwa na deni la jibu lake.

"Siku ile uliniuliza nikilala naona nini, sikukujibu," nikamwambia. "Nilijiona mimi, mlango umefungwa, na watu wanabisha hodi. Mama, inuka urudi kwenye dirisha lako. Hicho kitanda nimekichora mimi, kwa makusudi. Hiki chumba nakitaka mimi."